Mkono wa Pili

Mimi ni mwandika mabango, Makoroboi,
kati ya mafundi wanaogonga mabati tangu alfajiri.
Naandika majina ya saluni, bei ya chipsi,
USIKOJOE HAPA FAINI ELFU HAMSINI,
na mwezi ule dagaa walipooza mchangani
niliandika maneno manne, mara tatu:
ZIWA SI CHOO CHENU.

La kwanza lilikuwa la Mbuke, wa mwaloni Kirumba.
Alileta boksi la sabuni, akalichana kwa meno.
Anaanika dagaa hatua kumi
toka lile bomba la kiwanda linalotapika usiku;
asubuhi mchanga unanuka yai viza.
Alinilipa sarafu zenye magamba.
Akasimama getini, mtoto mgongoni,
na ile sauti yake ya kuuzia samaki.

Wapenda haki wetu, wenye ukumbi Kapripointi,
wanaokaa duara ili asiwepo mkubwa,
walikunja nyuso.
"Madai ni ya kweli. Lakini ile jazba."
"Choo, choo, mbele ya watu."
"Nani kamtuma?"
"Angepitia kwetu kwanza, tumpe semina."
Mgambo walipombeba na mtoto wake
kamati iliandika: tukio limejadiliwa.
Chai ikaletwa.

La pili, Nimisha, wa duka la zipu na vifungo,
aliyezaliwa Sekou Toure kama mimi
na anayetukana Kisukuma kunishinda.
"Asante, dada, ila usikae mbele.
Watu watauliza, kiwanda chenyewe cha nani?"
Si cha baba yake. Baba yake anauza zipu.
Wakamtuma kununua maji ya chupa.
Alinunua. Chenji akairudisha yote, mpaka hamsini,
akaihesabu mezani, moja moja, kwa kelele.

La tatu, Annelies, toka Uholanzi, miezi minne hapa.
Alileta ubao uliopigwa randa.
Akasimama geti lilelile, maneno yaleyale,
na mlinzi akamletea kiti.
Kiti!
Wakili Rwechungura, mwenye kurasa mia tatu
kuhusu ukoloni wa fikra,
alifuta miwani, akavaa, akafuta tena.
"Huu sasa ndio ujasiri."
Na choo cha Mbuke, kilichokuwa tusi Jumatatu,
Alhamisi kikawa sitiari.

Haki ya Mungu, hakuwa mtu mbaya.
Alisema, kwa Kiswahili chake cha kuchechemea:
"Maneno si yangu. Ni ya Mbuke.
Mbuke yuko wapi?"
Wakampigia makofi zaidi.
Unyenyekevu ulioje!
Swali lake likaelea juu ya vichwa
kama bondo lililokwisha tolewa kwenye sangara.

Nami msinifanye shahidi msafi.
Mbuke nilimuuliza, "Mama, una uhakika? Una mtoto."
Annelies sikumuuliza kitu.
Boksi nililipaka mkono mmoja,
rangi niliyoichakachua, nusu petroli;
manyunyu ya saa nne yakalilamba
likabaki ZIWA, na michirizi.
Ubao niliupaka mikono miwili,
kila herufi nikaitilia kivuli cha dhahabu.
Hakuomba kivuli.
Nani alinituma?

Bomba wamelisogeza nyuma ya mawe,
halionekani ukiwa barabarani.
Ubao umetundikwa ukumbini, ndani ya kioo.
Nimisha hupita hapa, ananisalimia, hasimami.

Leo Mbuke amekuja na boksi jingine, la mafuta ya kupikia.
Ameliweka mezani, juu ya bei ya chipsi.
"Yaleyale," anasema.
"Ila mara hii usinipunjie rangi."
Kumbe alijua.

Nafungua kopo jipya.
Nyekundu imefanya ngozi juu,
natafuta msumari wa kuitobolea.
Mbuke amesimama.
Nahangaika huku na huku dukani
kumtafutia kiti.